Namna ya kuandika utafiti wako usomeke chuoni na usomeke Mgandini

Vijana wanaonijia hapa Makorora na rasimu zao kwenye bahasha huniuliza karibu wote swali moja: "Dada, tasnifu nimemaliza, sasa naigeuzaje iwe makala ya gazeti?" Huwajibu kwamba kazi hiyo ilitakiwa ianze siku ya kwanza uwandani. Makala ya jarida la kitaaluma haimzai mdogo wake wa gazetini. Hizo ni mapacha, zinatoka kwenye daftari moja, na daftari likiwa tupu zote mbili zitazaliwa dhaifu.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa kutumia kazi ninayoijua kuliko nyingine zote: upatu wa wanawake wanaouza vyakula sokoni Mgandini, hapa Tanga mjini.

Liandike neno kama lilivyotamkwa

Upatu mnaujua, ila niuseme kidogo kwa sababu mfano wangu wote umekaa hapo. Chukua wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa shilingi elfu tano, na kwa zamu mmoja anabeba elfu sitini zote. Anayekusanya ndiye kijumbe. Wa zamu ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Wa zamu ya mwisho ameweka akiba kwa wenzake bila benki. Waliobaki katikati ni wakopaji kidogo na waweka akiba kidogo. Wataalamu wa jamii wameliandika jambo hili miaka mingi. Clifford Geertz, mwaka 1962, aliliona kuwa ngazi ya kati inayomfundisha mtu wa shamba mambo ya biashara, hadi huduma rasmi za fedha zichukue nafasi yake. Shirley Ardener akalinganisha vikundi vya namna hiyo kutoka pande nyingi za dunia mwaka 1964.

Sasa, kila mama niliyemuuliza kwa nini yumo kwenye upatu na simu yake ina akaunti ya pesa, alikuwa na jibu lake. Lakini neno moja lilikuwa likirudi: "Unanisitiri."

Wakati huo nilikuwa mgeni wa kazi. Nilisikiliza kwa Kiswahili nikaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa tasnifu ilitakiwa kwa Kiingereza. "Unanisitiri" ikaingia daftarini ikiwa imevaa maneno ya kitaalamu ya Kiingereza. Mwaka uliofuata nikaandika makala ya Kiswahili, nikayarudisha maneno yale nyumbani, yakatoka "hifadhi ya jamii". Mtanzania akisoma hifadhi ya jamii anawaza mafao ya uzeeni na makato ya mshahara. Mama muuza vitumbua hana mshahara wa kukatwa. Alichoniambia ni kwamba mtoto akitakiwa sare ya shule, au msiba ukiingia, hatasimama mlangoni kwa jirani kueleza siri za nyumba yake. Sitara. Ni habari ya aibu na heshima kabla haijawa habari ya fedha, nami niliipoteza njiani, katika safari ya kwenda na kurudi kati ya lugha mbili. Nilikuja kuikuta tena katika mkanda wa sauti, nikiwa nimekaa sakafuni usiku, na makala imeshatoka.

Tangu siku ile daftari langu nalipiga mstari wa wima katikati. Kushoto naandika maneno kama yalivyotamkwa, yawe ya Kiswahili, Kidigo au Kibondei. Kulia naandika ninachodhani yanamaanisha, na tarehe, kwa sababu dhana zangu hubadilika na maneno yao hayabadiliki. Ukiandika kwa jarida la Kiingereza, libakize neno "kusitiri" lenyewe katika sentensi, ulieleze kwa sentensi mbili, uendelee nalo hadi mwisho. Ukiandika kwa gazeti la hapa, usilieleze kabisa. Liache mdomoni mwa mama yule, msomaji atajua.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya wasomaji hawa wawili, na wengi wanadhani ipo kwenye urahisi na ugumu. Msomi anataka kuelezwa neno la sokoni. Mtu wa sokoni anataka kuelezwa neno la msomi. Chukua "kaya". Katika sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, inaweza kuwa na kaya nne chini ya bati moja, na ukizichanganya nyumba na kaya hesabu yako yote imeharibika. Kwa jarida, ifafanue kaya mara moja mwanzoni na usitoke nje ya maana hiyo. Kwa gazeti andika "wanaokula chungu kimoja", basi.

Aya moja, mara mbili

Zoezi ninalowapa wote ni hili: chukua jambo moja ulilolishuhudia, uliandike kwa jarida, kisha siku hiyohiyo uliandike kwa gazeti. Siku hiyohiyo, kabla halijapoa.

Hii yangu ya jarida:

"Fedha za simu, ambazo zimeenea nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, hazikumwondoa kijumbe katika vikundi nilivyovifuatilia. Baadhi ya wanachama walimtumia mchango kwa simu, lakini aliendelea kuwazungukia sokoni kila alasiri. Ninadai kwamba mzunguko huo ni njia ya kupata taarifa: kwa kuwaona wanachama kwenye meza zao, kijumbe hutambua mapema ni nani ambaye biashara yake inayumba. Hoja hii haiendi na matarajio ya Geertz (1962) kwamba vikundi vya aina hii vingezipisha huduma rasmi za fedha."

Na hii ya gazeti:

"Saa kumi alasiri kijumbe anafunika mihogo yake kwa gazeti, anachukua daftari, anaanza kuzunguka. Hela za wenzake wanne zimeshaingia kwenye simu tangu mchana. Anawaendea vilevile. Kwa wa kwanza anasalimia, anauliza hali ya mtoto, anatupa jicho kwenye ndoo ya maharage. Bado imejaa. Anaweka alama ndogo pembeni ya jina. Kesho huyu atachelewa, na kijumbe ameshajua leo. Simu ingemwambia kama hela imeingia. Habari ya ndoo isingempa."

Zisome tena, taratibu. Katika ya kwanza nimeandika "ninadai". Walimu wengine watakufutia, watake "ilibainika". Mimi nakataa, kwa sababu dai lina mwenyewe, na mwenyewe lazima asimame mbele yake ajibu maswali. Nimeandika pia "vikundi nilivyovifuatilia", maneno mawili yanayonizuia kuwasemea wanawake wote wa Tanzania. Katika ya pili hakuna jina la msomi hata mmoja, lakini dai ni lilelile. Sikulikuza wala sikulipunguza. Jipime hivi: kila aya ikamue ibaki sentensi moja. Sentensi mbili zikipishana, mojawapo ya aya zako inasema uongo, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni ile ya gazeti, kwa sababu ndiko tunakoona haya kusema "sikuuliza wengi".

Ile ndoo nayo haikutoka kichwani. Niliiandika upande wa kushoto wa daftari bila kujua itanisaidia nini. Ukiwa uwandani andika vitu: ndoo, alama ya kalamu, saa, nani alisimama nani alikaa. Hoja utazipata baadaye mezani. Vitu huwezi kuvipata mezani.

Maneno ninayoyafuta

Rasimu ikifika mikononi mwangu, kabla ya kuisoma napitisha kalamu nyekundu kwenye "changamoto mbalimbali", "wadau", "jamii husika", "suala zima la", "kwa kiasi kikubwa" na "kujengewa uwezo". Siyachukii kama maneno. Nayafuta kwa sababu yanakaa mahali pa kitu ambacho mwandishi hakwenda kukitazama. "Wadau walikabiliwa na changamoto mbalimbali" maana yake nini? Wauza samaki wa Deep Sea, hapa Tanga, hawakupata barafu siku tatu? Sema hivyo. Ukishindwa kusema, rudi ukaulize.

Jingine ni kauli ya kutendwa. Kiswahili kinatupa herufi moja tu, ile "w", na mtendaji anatoweka. "Wafanyabiashara waliondolewa barabarani." Na nani? Kwa amri ya ofisi gani? Siku gani? Msomaji wa jarida ataona huna data. Msomaji wa gazeti ataona unaogopa, na yeye mwenyewe alikuwapo siku ile, anajua aliyekuja na gari. Ukimjua mtendaji mwandike, lakini kwanza mpelekee swali, umpe siku za kujibu, na jibu lake uliweke.

Namba

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 2,045,205 katika Mkoa wa Tanga. Ya 2022 iliwakuta 2,615,597. Kwa jarida weka namba zote mbili kwenye jedwali na uandike kwamba ongezeko ni karibu asilimia 28. Kwa gazeti andika: palipokuwa na watu wanne, baada ya miaka kumi palikuwa na watano. Kwa redio hiyo sentensi moja inatosha, maana anayesikiliza huku anakaanga samaki hawezi kurudi nyuma kuisoma namba upya.

Namba zako mwenyewe zina adabu yake. Ukiwauliza wanawake kumi na wawili na wanane wakakubali, usiandike "asilimia 67 ya wanawake". Andika wanane kati ya kumi na wawili. Na za serikali zitaje kwa chanzo na mwaka. Sheria ya Takwimu ya 2015 imewahi kuwa kali: marekebisho ya 2018 yaliwabana waliotaka kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, kisha marekebisho ya 2019 yakalegeza. Isome wewe mwenyewe, usiishi kwa kusimuliwa.

Jina na mwenye jina

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa nilimuumiza mtu.

Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua ya mkoa, barua ya kata, saini ya mwenyekiti wa mtaa: hivyo vinakupa ruhusa ya serikali. Ruhusa ya mtu ni kitu kingine, na ruhusa ya kuandikwa kwenye tasnifu si ruhusa ya kuandikwa gazetini. Tasnifu inakaa maktaba. Gazeti linafungiwa mihogo.

Kijumbe mmoja alinipa muda wake karibu mwaka mzima. Alisaini fomu ya chuo, nikamsomea kila mstari. Tasnifu ikapita. Nikaandika makala ya gazeti, jina nikalibadilisha, nikajiona nimetimiza. Lakini nilitaja anachouza, mti aliokaa chini yake, na kwamba alikuwa mjane wa baharia. Kati ya watu wanaopita sokoni pale kila siku, walio na sifa hizo tatu pamoja ni yeye peke yake. Nilikuwa nimeandika pia kwamba kuna siku alilipia zamu ya mwanachama aliyeshindwa kutoa. Kufika jioni soko zima linajua ni nani aliyeshindwa kutoa.

Nilikwenda kesho yake. Hakufoka. Alinivutia kigoda, akanimiminia chai, akasema: "Mwanangu, jina langu umelificha, mwenyewe umenianika."

Yule aliyeshindwa kutoa alijitoa kwenye upatu wiki ile. Neno nililokuwa nimeliandika kwa ufahari, kusitiri, nilikuwa nimelivunja kwa mkono wangu.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kabla ya makala ya gazeti narudi kwa mtu na kuomba ruhusa upya, namwambia ni gazeti gani na nani watalisoma. Habari ya mtu mmoja ikiwa na sifa tatu za kumtambulisha, naziondoa mbili, au nazibadilisha, na naandika wazi mwishoni kwamba baadhi ya mambo yamebadilishwa kulinda watu. Mihogo, maharage, baharia, yote mliyoyasoma hapa si yenyewe. Kisha nampa mtu wa soko hilohilo, asiyekuwemo katika utafiti, asome, nimuulize: umemjua? Akitaja jina, naanza upya. Na jambo la aibu la mtu wa tatu, ambaye hakunipa ruhusa yoyote, siliandiki hata likiwa ndilo zuri kuliko yote niliyoyapata.

Mhariri na wahakiki

Hili ni fupi. Gazeti litakupa nafasi ya maneno 800 hivi, jarida 7,000 au 8,000. Kwenye gazeti dai lako likae aya ya pili au ya tatu, msomaji hakungojei. Pendekeza kichwa cha habari wewe mwenyewe, viwili hata vitatu, na uombe kukiona kitakachotumika. Makala yangu moja iliyosema upatu unawabeba wanawake ilitoka na kichwa kilichosema upatu unawaliza. Waliosoma kichwa ni wengi kuliko waliosoma makala.

Jarida litakurudishia maoni ya wahakiki wawili ambao huwajui, mara nyingi makali. Usijibu siku hiyo. Chora jedwali: maoni, jibu lako, ukurasa uliporekebisha. Unapokataa, kataa kwa sababu. Na jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku chache mradi ulipe, liache, hata kama cheo chako kinangoja.

Msomee aliyekupa

Miezi minne kati yangu na kijumbe yule ilipita kwa salamu tu. Nilinunua kwake kama mteja mwingine, sikuuliza kitu. Kisha siku moja yeye ndiye aliyeanza: "Na yale maandishi yako yamefika wapi?" Nikamwambia ninaandika tena, safari hii kwa jarida, na kwamba sitapeleka popote kabla hajayasikia.

Nilikwenda na kurasa sita, nikazitafsiri kwa Kiswahili usiku uliotangulia. Nilimsomea kwa sauti huku akiendelea na kazi. Kila niliposoma sentensi ndefu niliona mkono wake unasimama, nikajua nimempoteza, nikaweka alama pembeni. Zile alama ndizo zilizonifundisha kukata sentensi zangu, hata za Kiingereza.

Nilipofika mahali niliposema kwamba kijumbe humlipia aliyeshindwa kwa sababu ya huruma, aliinua mkono.

"Huruma gani?" akasema. "Siku ile zamu ilikuwa ya mwenye harusi ya binti yake. Angekosa hela kesho yake, nani tena angenipa hela yake mimi niishike? Nililipa nibaki kijumbe."

Nikamuuliza kama naweza kuliandika hilo. Akafikiri, akageuza vya kukaanga, akasema andika, lakini usiitaje sherehe yenyewe. Nikamwambia nitatafuta sherehe nyingine, ndiyo hiyo mliyoisoma. Nilirudi nyumbani nikafuta "huruma" katika makala ya jarida na katika ile ya gazeti, na sehemu nzima ya nne, iliyokuwa imejengwa juu ya neno hilo, nikaianza upya kutoka upande wa kushoto wa daftari.